Nimeacha sigara miezi mitano sasa, mbona lehemu imepanda?

SWALI

Daktari, assalaam alaykum.

Mimi ni fundi seremala, mkazi wa Tanga, mwenye umri wa miaka 53. Niligundulika kuwa na kisukari aina ya pili miaka saba iliyopita, na tangu wakati huo natumia metformini, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Sigara nilianza nikiwa kijana ninayejifunza kazi, wakati fundi wangu alipokuwa akinituma dukani kumnunulia na kuniachia kipisi cha mwisho kama ujira, na kwa zaidi ya miaka 30 sikuwahi kumaliza siku bila kuvuta. Kabla ya kuacha nilikuwa nikivuta kati ya sigara 15 na 20 kwa siku.

Miezi mitano iliyopita, nikiwa kliniki, muuguzi alinipa majibu ya damu na kunieleza kwamba mgonjwa wa kisukari anayevuta sigara anaibebesha mishipa yake mizigo miwili kwa wakati mmoja, na kwamba nikiacha kuvuta, lehemu yangu, yaani kolesteroli ya damu, itakaa sawa. Maneno hayo yaliniingia kwa sababu shemeji yangu, ambaye naye alikuwa na kisukari na alikuwa mvutaji, alikatwa mguu chini ya goti mwaka juzi, na ni mimi niliyemtengenezea magongo. Niliporudi karakana siku ileile, nilizivunjavunja sigara sita zilizokuwa zimebaki kwenye pakiti, nikazitupa pamoja na maranda. Sijavuta tena hata moja.

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Usingizi ulinipotea, nilimgombeza kijana ninayemfundisha kazi kwa makosa ambayo hayakuwa yake, na nilikata fremu ya dirisha la mteja ikapungua sentimita mbili kwa sababu akili haikuwepo. Nilivumilia nikijua kwamba nikirudi kupima nitayaona matunda.

Wiki iliyopita nilirudi kupima, na nilichokiona kimenivunja moyo. Jumla ya lehemu, iliyokuwa milimoli 5.3 kwa lita, sasa ni 5.9. Ile mnayoiita lehemu mbaya, yaani LDL, imetoka 3.5 hadi 3.6. Lehemu nzuri, HDL, imetoka 0.8 hadi 0.9 tu. Trigliseridi zimetoka 2.3 hadi 3.1. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili au mitatu, imetoka asilimia 7.3 hadi 7.6, na uzito wangu umeongezeka kilo nne. Labda niseme pia kwamba safari ya kwanza nilipima asubuhi kabla ya kula kitu, lakini safari hii kazi ilinichelewesha, nikafika maabara saa nane mchana nikiwa nimeshakula wali wa nazi na samaki.

Kwenye kijiwe cha kahawa ninapopumzika jioni, wenzangu wananiambia kwamba mwili uliozoea moshi kwa miaka yote hiyo haupaswi kunyimwa ghafla, kwamba sigara ilikuwa ikiyeyusha mafuta, na ushahidi ni kitambi nilichokipata. Mmoja ananishauri nirudie sigara mbili au tatu kwa siku, mwingine anasema nitumie ugoro kwa kuwa hauna moshi. Kwa kweli hamu bado ninayo, hasa ninaposhika kikombe cha kahawa. Siku hizi badala ya sigara nateremshia kashata, mbili au tatu kila kikao, na dukani nanunua peremende za kuweka mfukoni ili mdomo usikae bure.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ile nilipopewa majibu ya kwanza, daktari wa kliniki aliniandikia pia vidonge vya kushusha lehemu, atorvastatini vya miligramu 20. Nilivinunua, lakini sijameza hata kimoja. Vimo kwenye droo ya meza yangu ya kazi, chini ya makopo ya misumari. Niliwaza kwamba nikiacha sigara lehemu itashuka yenyewe, na nilikuwa nimesikia kwamba vidonge hivyo vinaharibu ini na kwamba ukivianza huwezi kuviacha. Mke wangu anaamini ninavimeza.

Naomba unijibu kwa uwazi. Je, niliteseka bure? Sigara mbili au tatu zingenidhuru kiasi gani? Na vidonge hivyo bado navihitaji?

Fundi Seremala, Tanga

JIBU

Wa alaykum salaam, kaka Fundi.

Hukuteseka bure. Naanza na jibu hilo kwa sababu naona kwamba barua yako umeiandika ukiwa hatua chache tu kutoka dukani, na ningependa uyasome yanayofuata ukiwa umeiweka kando fikra ya kurudia sigara. Karatasi ya maabara uliyonayo haisemi yale wanayoyasema wenzako wa kijiweni. Tuisome pamoja, mstari kwa mstari.

Kilichokutisha zaidi ni jumla ya lehemu kupanda kwa 0.6. Jumla hiyo ni kapu lenye vitu vya aina tofauti, na kabla ya kuogopa uzito wa kapu ni vyema kuangalia kilichoongezwa ndani yake. Katika hiyo 0.6, 0.1 ni lehemu nzuri, ambayo tulitaka ipande. Lehemu mbaya imechangia 0.1 nyingine, tofauti ndogo ambayo mtu yuleyule anaweza kuipata akipima katika wiki mbili tofauti bila kubadilisha chochote katika maisha yake. Kiasi kilichobaki, kama 0.4, ni lehemu inayosafiri pamoja na trigliseridi, na hizo trigliseridi ndizo zilizopanda kwako kwa kiasi cha kuonekana. Swali letu kwa hiyo linakuwa dogo zaidi: ni nini kilichopandisha trigliseridi? Jibu lake limo ndani ya barua yako mwenyewe.

Trigliseridi ni mafuta yanayoongezeka katika damu kila baada ya kula na kupungua polepole kadiri saa zinavyopita. Mtu wa kawaida aliyekula chakula cha kawaida huonekana na ongezeko la takriban 0.3 akilinganishwa na alivyokuwa asubuhi kabla ya kula, na kwa mwenye kisukari ongezeko linaweza kuwa kubwa zaidi na kukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu insulini ambayo ingesaidia kuyaondoa mafuta hayo haifanyi kazi yake sawasawa. Wewe ulipima mara ya kwanza ukiwa na njaa na mara ya pili ukiwa umetoka kula wali wa nazi. Kulinganisha majibu hayo mawili ni sawa na kupima ubao mmoja ukiwa mkavu na ukiwa umelowa. Wewe kwa kazi yako unajua kwamba hutapata kipimo kilekile.

Pamoja na hayo, sidhani kwamba wali wa siku moja unabeba lawama yote, kwa sababu kuna zile kashata. Kashata ni sukari iliyopikwa na nazi au karanga, na peremende ni sukari tupu. Ini likipokea sukari kuliko mwili unavyoihitaji huigeuza kuwa mafuta na kuyatoa katika damu yakiwa trigliseridi. Ukichukua kashata mbili au tatu kila jioni, ukaongeza peremende za mchana, ukazidisha kwa miezi mitano, umepata maelezo ya sehemu kubwa ya trigliseridi, ya kilo nne, na huenda ya sehemu ya HbA1c pia. Nakuambia haya bila kukulaumu. Karibu kila mtu anayeacha sigara hutafuta kitu cha kuweka mdomoni, na ladha ya chakula, iliyokuwa imefifishwa na moshi kwa miaka mingi, hurudi kwa nguvu.

Sasa tuje kwenye ule mstari ulioupita haraka kwa neno "tu". HDL yako imetoka 0.8 hadi 0.9. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa wavutaji zaidi ya 1,500 waliosaidiwa kuacha sigara, wakapimwa lehemu mwanzoni na baada ya mwaka mmoja. Waliofanikiwa kuacha walipata ongezeko la HDL la takriban 0.06 kwa wastani, ingawa uzito wao uliongezeka, ilhali waliorudia au kuendelea kuvuta hawakupata ongezeko la maana. LDL na trigliseridi zao hazikubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Ongezeko lako la 0.1, hata tukikubali kwamba sehemu yake ni kuyumba kwa kawaida kwa vipimo, liko palepale ambapo tungelitegemea, na tena umelipata licha ya kuongezeka uzito, jambo ambalo kwa kawaida huivuta HDL chini.

Hapa ndipo ninapotaka kulirekebisha kidogo neno la muuguzi wako, ambaye alikushauri vyema. Kuacha sigara huboresha lehemu, lakini huiboresha zaidi upande wa HDL. LDL haishuki sana. Moshi wa sigara hupunguza HDL, na nikotini huamsha homoni ya adrenalini, ambayo huyafungua maghala ya mafuta mwilini na kuyapeleka kwenye ini, likatengeneza trigliseridi zaidi. Kisukari nacho, kwa njia yake, hufanya jambo lilelile: HDL huwa chini, trigliseridi huwa juu, na chembe za LDL huwa ndogo na nzito, zinazopenya kwa urahisi katika kuta za mishipa. Ndiyo maana sigara na kisukari vikikutana madhara yake hukua kuliko kimoja kikiwa peke yake. Ukiacha sigara unaondoa mkono mmoja wa waharibifu hao, lakini ule wa pili unabaki, na unahitaji dawa yake.

Kuna madhara mengine ya sigara ambayo karatasi ya lehemu haiwezi kuyaonyesha. Mshipa wa damu kwa ndani umefunikwa na utando laini kama meza iliyopigwa vanishi vizuri, na damu hupita juu yake bila kukwama. Moshi ni msasa. Huukwangua utando huo kila siku, na wakati huohuo huichachua LDL iliyomo katika damu, kwa maana ya kuibadilisha kikemikali, hadi chembe za ulinzi za mwili zikaanza kuimeza na kurundikana ndani ya ukuta wa mshipa, na hapo ndipo tabaka la mafuta linapojengeka. Moshi huzifanya pia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zishikamane upesi kuliko kawaida. LDL ya 3.6 ndani ya mishipa ya mvutaji si hatari sawa na LDL ya 3.6 ndani ya mishipa ya mtu aliyeacha, ingawa maabara itaandika tarakimu ileile kwa wote wawili. Hewa ya kaboni monoksidi, inayonyang'anya oksijeni nafasi yake katika damu, ilikutoka ndani ya siku moja au mbili tangu ulipozivunja zile sigara sita. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Nawe, kaka, uko katika mwezi wa tano wa mwaka huo.

Kuhusu HbA1c, nitakueleza jambo ambalo natamani kila mgonjwa wa kisukari aelezwe kabla ya kuacha sigara, kwa sababu asiyelijua huvunjika moyo kama ulivyovunjika wewe. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa rekodi za wagonjwa 10,692 wa kisukari aina ya pili waliokuwa wavutaji. Zaidi ya 3,000 kati yao waliacha, na katika mwaka wao wa kwanza HbA1c ilipanda kwa wastani wa asilimia 0.21, kisha ikaanza kushuka taratibu, na kufikia mwaka wa tatu haikuwa tofauti na ya wale walioendelea kuvuta. Watafiti walitarajia kwamba kuongezeka uzito ndiko kungeeleza upandaji huo, lakini hesabu zao hazikuonyesha hivyo. Ongezeko lako la 0.3 halina tofauti kubwa na wastani huo. Maana yake kwako ni kwamba huu ni wakati wa kuonana na daktari wako mapema, ili aangalie kama dozi ya metformini iongezwe kwa muda au dawa nyingine iongezwe. Haiwi sababu ya kuirudia tumbaku, ambayo yenyewe huifanya insulini ishindwe kazi.

Nifungue mabano kidogo kwa wasomaji wengine wenye kisukari wanaojidunga insulini. Sigara huchelewesha insulini kufyonzwa kutoka chini ya ngozi, kwa hiyo anayeacha kuvuta anaweza kujikuta dozi yake ya zamani inafanya kazi kwa kasi zaidi. Katika wiki za mwanzo apime sukari mara nyingi kuliko alivyozoea, na akiona inashuka chini ya milimoli 4 kwa lita, au akianza kutetemeka na kutoka jasho, apate kitu chenye sukari mara moja kisha aende kliniki akazungumzie dozi. Wewe Fundi, kwa kuwa unatumia metformini peke yake, hatari hiyo kwako ni ndogo sana.

Wenzako wanasema sigara iliyeyusha mafuta. Ukweli ni kwamba nikotini hupunguza hamu ya kula na huufanya mwili uchome nishati kidogo zaidi, kwa hiyo wavutaji wengi huwa na uzito mdogo kuliko ambao wangekuwa nao, na wanaoacha huongezeka kilo nne hadi tano kwa wastani katika mwaka wa kwanza, nyingi zikija katika miezi mitatu ya mwanzo. Mvutaji mwembamba, hata hivyo, huwa na mafuta mengi zaidi tumboni kuzunguka viungo vya ndani kuliko umbo lake linavyoonyesha, na hayo ndiyo mafuta mabaya zaidi kwa kisukari. Katika utafiti mrefu wa Framingham, Marekani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba watu wasio na kisukari walioacha sigara walipungukiwa na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa kwa karibu nusu, na kuongezeka uzito hakukuifuta faida hiyo. Wenye kisukari katika kundi hilo walikuwa wachache mno kutoa jibu la uhakika, lakini tarakimu zao zilielekea upande uleule.

Zile sigara mbili au tatu ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Watu wengi huamini kwamba aliyekuwa akivuta 20 akibakiza mbili amepunguza hatari kwa sehemu tisa kati ya kumi. Kwa moyo hesabu haiendi hivyo. Mwaka 2018 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha mchanganuo wa tafiti nyingi uliobaini kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo anayoibeba anayevuta 20. Utando wa mshipa hukwaruzwa na moshi kidogo, na chembe sahani huamshwa na moshi kidogo. Zaidi ya hapo, baada ya miaka 30 ya kuvuta, mbili au tatu hazitabaki mbili au tatu, na HDL uliyoipata kwa jasho lako itashuka tena ndani ya muda mfupi. Ugoro nao una nikotini ileile pamoja na sumu nyingine za tumbaku, na utakurudisha katika utumwa uleule kupitia mlango mwingine.

Ikiwa hamu inakuzidi nguvu, zipo bigijii maalumu zenye nikotini na vibandiko vya kuweka kwenye ngozi, ambavyo Shirika la Afya Duniani limeviweka katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Vinatoa nikotini bila moshi na bila tumbaku, kwa kiasi kinachopunguzwa hatua kwa hatua hadi kuisha. Uliza kliniki kabla ya kununua, kwa kuwa wewe umeshavuka miezi mitano na huenda usivihitaji.

Naona kwamba hatari yako kubwa iko jioni, kwenye kikombe cha kahawa. Kikombe na sigara vimekaa pamoja mkononi mwako kwa miaka mingi, hivyo ukikishika kimoja mwili unakiulizia kingine. Kahawa chungu isiyo na sukari si tatizo kubwa kwako. Kinachobeba madhara ni kile unachokiteremshia. Nakushauri ubebe karanga kavu zilizokaangwa bila sukari wala chumvi nyingi, kiasi cha kiganja kimoja, zikuchukue nafasi ya kashata, na ukae upande wa baraza ambao wavutaji hawakai. Kwa mwezi mmoja au miwili, ukiona kijiwe kinakushinda, kunywa kahawa yako karakana kisha utembee nusu saa kabla ya Magharibi, kwa sababu kutembea kunashusha trigliseridi na sukari kwa pamoja. Wali wa nazi uwe wa siku moja moja, kwa kuwa tui zito la nazi lina mafuta yanayopandisha LDL, na samaki wa Tanga hawahitaji tui wala kuzama katika mafuta ili wawe watamu. Vibua wa kuchoma kwa ndimu watakufaa zaidi.

Nimefika kwenye vidonge, na hapa nitasema kwa uzito wote nilio nao. Unavihitaji, na ungevihitaji hata kama HDL yako ingepanda mara mbili. HDL yenyewe haipaswi kugeuzwa lengo: mwaka 2006 majaribio ya dawa iitwayo torcetrapib, iliyoipandisha HDL kwa kiasi kikubwa, yalisimamishwa kwa sababu waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Lehemu ambayo tukiishusha watu wanaokolewa ni LDL. Kwa mwenye kisukari wa umri wako na historia yako, miongozo inayotumiwa na madaktari wengi inalenga LDL iwe chini ya 1.8. Yako ni 3.6. Hakuna kuacha sigara, wala kuacha kashata, kutakakoishusha kutoka 3.6 hadi 1.8, kazi hiyo ni ya statini, kundi la dawa ambamo atorvastatini yako imo.

Ushahidi wake haukutafutwa kwa watu walio mbali na hali yako. Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya jaribio la Uingereza na Ireland lililoitwa CARDS, lililowahusisha watu 2,838 wenye kisukari aina ya pili ambao hawakuwa wamewahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi, na ambao LDL zao hazikuwa za juu sana, lakini walikuwa na angalau jambo moja la ziada la hatari, kama vile shinikizo la damu au kuvuta sigara. Waliopewa atorvastatini ya miligramu 10, nusu ya dozi uliyoandikiwa wewe, walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na matukio mengine makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 37 pungufu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa kiharusi peke yake upungufu ulikuwa asilimia 48.

Madhara uliyoyasikia yana chembe ya ukweli iliyokuzwa. Statini inaweza kupandisha kidogo vimeng'enya vya ini kwa watu wachache, ndiyo maana ini hupimwa kabla ya kuanza, lakini kuharibika kwa ini hasa ni jambo la nadra sana. Wengine hupata maumivu ya misuli. Ukiyapata bila sababu, na hasa mkojo ukiwa wa rangi ya chai, simamisha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Inaweza pia kupandisha sukari kidogo, na faida yake kwa moyo inazidi mno kasoro hiyo. Kuhusu kutoweza kuiacha, statini haina ulevi wowote. Inatumika kwa muda mrefu kwa sababu kisukari ni cha muda mrefu, kama unavyotumia metformini kwa mwaka wa saba sasa bila kujiona mtumwa wake.

Usianze kumeza vile vilivyomo kwenye droo. Vimekaa miezi mitano katika joto la karakana, chini ya makopo, na sijui tarehe yake ya kuisha. Vichukue kama vilivyo, uende navyo kliniki wiki hii, umwambie daktari wako kwamba hukumeza hata kimoja. Usione haya katika hilo. Daktari akiiona LDL ya 3.6 huku akiamini kwamba umetumia miligramu 20 kwa miezi mitano, atadhani dawa imeshindwa, naye ataongeza dozi au kukuandikia nyingine usiyoihitaji. Na mke wako mwambie leo jioni kabla ya kwenda kliniki, kwa maana yeye ndiye mnayepanga naye chakula cha nyumbani, na alikuwa nawe katika zile wiki tatu ulipokuwa hulali. Anastahili kuujua ukweli wa jambo analodhani linakwenda vizuri.

Ukishaanza dawa, pima tena lehemu baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, katika maabara ileile. Usiku wa kuamkia siku hiyo kula mapema, asubuhi unywe maji tu, na ufike kabla ya saa mbili ili kazi isikucheleweshe. Kidonge chako cha metformini kibebe mfukoni, pale zilipokuwa zikikaa peremende, ukimeze pamoja na kifungua kinywa baada ya kutolewa damu.